MINT: Mawaridi ya Kiingereza, minara ya chuma, na nilivyotendewa kwenye kaunta yenu

Kwa Meneja Mkuu,
Kitalu cha Miche na Huduma za Bustani,
Nairobi.

Bwana Meneja Mkuu,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa heshima zote, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe. Usimpe meneja wenu wa zamu ya Jumamosi akufupishie, maana yeye ndiye nusu ya malalamiko yangu.

Masharti yenu ya kurudisha miche unayajua kuniliko, yamebandikwa ukutani nyuma ya kaunta. Fomu ya huduma ya kupanda na kufunga mnayo, na nakala yangu nimeiambatisha pamoja na risiti na ujumbe wa M-Pesa. Sitakurudisha huko.

Nilikuja kwenu nikiwa na tawi la waridi nililolizungushia gazeti. Nilitaka mtu mmoja tu anayeyajua mawaridi alitazame aniambie kama kweli ni waridi la aina ya Gertrude Jekyll, kama kibao mlichokifunga kwenye mche mlioniuzia kinavyodai. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja bustanini, gambuti miguuni na leso kiunoni. Meneja wenu hakulitazama tawi. Alinitazama mimi, toka kichwani hadi kwenye gambuti, akauliza, “Mama, umetumwa na nani?” Nikamjibu sijatumwa na mtu. Akasema, “Haya maua ni ya bei. Mwambie mdosi wako aje mwenyewe.” Wafanyakazi wawili wakacheka. Nikaondoka.

Hayo nitayarudia, bado hayajanitoka. Kwanza nikueleze mlichoniuzia.

Miche hii sikuiokota njiani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma na kuulizia ni mawaridi gani ya Kiingereza yanayofaa kupandishwa mnara, yaani ile fremu ya nondo ya kushikilia mimea inayopanda, kwa sababu si yote yanayofaa. Mengine ni vichaka vifupi vinavyopendeza mbele ya kitalu cha maua, ukivipeleka mnarani vinaishia kiunoni. Mengine ni majitu. Binti wenu wa mauzo alinisukumia Constance Spry kwa bidii, akiniapia kwamba linachanua mwaka mzima. Constance Spry ni la mwaka 1961, waridi la kwanza la mkuzaji David Austin, na ni zuri kweli. Ila huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka, na hurefuka hata mnara wa mita mbili ukamezwa usionekane. Nilimwambia hivyo kwa upole. Akanijibu, “Hiyo ni kwa kijitabu, mama.” Basi na vijitabu vyenu vya kuwauzia watu vichomeni.

Nilichagua matatu. Graham Thomas la mwaka 1983, la manjano iliyokolea, lenye harufu ya chai, ambalo mwaka 2009 shirikisho la vyama vya waridi vya dunia lililitangaza waridi linalopendwa zaidi duniani. Claire Austin la 2007, jeupe kama krimu, ambalo mkuzaji alilipa jina la binti yake. Na Gertrude Jekyll la 1986, pinki iliyoiva, petali zimejaa hadi ua linakaa kama sahani, miiba isiyo na huruma, na harufu ambayo kwangu haina mpinzani. Ukiniuliza ni lipi ninalolipenda kuliko yote nitakutajia hilo la mwisho bila kufikiri. Yote matatu hutoa fito ndefu zinazokubali kukunjwa. Na hapa kwetu, ambako hakuna majira ya barafu ya kuyalaza, hurefuka kuliko kwao Uingereza.

Gertrude Jekyll lenu limechanua. Ni jekundu. Tumba limechongoka, shina moja limenyooka, harufu hakuna kabisa. Hilo ni waridi la kukata, Bwana Meneja, la aina ile inayojazwa masanduku Naivasha na kupandishwa ndege kwenda Uholanzi, na sina ubaya nalo hata kidogo, limesomesha watoto wa watu. Lakini barabarani linauzwa bei ya soda. Mmenitoza bei ya Gertrude Jekyll.

Sasa minara. Mmoja umeinama. Ulianza kuinama mvua za masika ziliposhika, na sasa umeegemea upande wa ukuta, majirani wakipita wananiuliza kama gari limeugonga. Kila mkazi wa Lang'ata anajua udongo wetu mweusi ulivyo: mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Fomu yenu inasema miguu ya mnara itachimbiwa na kumwagiwa zege. Zege iko wapi? Fundi wenu aliikandamiza miguu kwa buti lake akapangusa mikono. Rangi nayo imebanduka kwenye viungo vilivyochomelewa, na kutu inadondokea majani. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wangenitengenezea mnara wa nondo nene kuliko huo, na wangenisikiliza nikisema.

Huyo fundi wenu sijammaliza.

Alikuja kufunga miche ilipokuwa imekwisha kurefuka, kama mkataba unavyosema, na msaidizi wake. Nilimwonyesha kwa mkono. Nimefundisha baiolojia hadi nilipostaafu, na jambo hili nimewaeleza watoto wa kidato cha pili wakalielewa. Ncha ya ufito uliosimama wima hutoa homoni inayoyalaza macho yote, yaani machipukizi, yaliyo chini yake, ndiyo maana ua hutokea juu tu. Ukiulaza ufito, au ukiuzungusha mnara kwa mzingo wa polepole ukianzia chini kabisa karibu na ardhi, nguvu ile ya ncha hupungua, na kila jicho huamka likatoa kitawi chake chenye maua. Mtu hununua mnara ili apate maua kuanzia magotini hadi utosini. Kama si kwa ajili hiyo ningesimamisha mti mkavu nikamaliza. Na ufito hufungwa ungali laini, kwa kamba ya katani, kwa fundo la umbo la nane lililolegea kidogo ili shina linenepe bila kunyongwa. Hukaa nje ya mnara, haupitishwi ndani na nje ya nondo, ili siku ya kupogoa uweze kuufungua bila kuukata.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Sawa, mama.” Nikaingia jikoni kuwachemshia chai. Nilipotoka na trei, fito ndefu za Graham Thomas zilikuwa chini kwenye nyasi, zimekatwa. Zote! “Zilikuwa zinachoma watu,” akasema. Zile fupi zilizobaki alikuwa amezifunga wima, zimenyooka kama askari gwarideni, kwa waya wa kufungia nondo za ujenzi, na amezikaza kwa koleo. Chai walikunywa. Fomu wakataka nitie sahihi. Niliandika juu ya sahihi yangu kwamba kazi haikufuata maelezo, na nakala hiyo mnayo, kwa hiyo asije mtu akasema nilikubali.

Matokeo ni yaleyale yanayoandikwa hata kwenye kitabu cha shule. Graham Thomas lina maua machache kileleni, chini ni miti mitupu. Claire Austin waya umeingia kwenye ganda, na juu ya jeraha majani yamenyauka. Doa jeusi, ule ugonjwa wa majani, limeshika majani ya chini, ambalo wakati wa mvua si ajabu, lakini mche uliojeruhiwa hauna nguvu ya kupigana nalo. Na haya mawili ndiyo mliyoniuzia ya kweli! Laiti nayo yangekuwa ya bandia, nisingeumia hivi.

Baada ya hayo yote nilipiga simu yenu ya huduma kwa wateja. Niliahidiwa kwamba mtaalamu atakuja. Nikapiga tena, nikaahidiwa tena, na sauti ni ileile. Ndipo nikasema, basi nitawapelekea tawi wenyewe waone. Nilikuwa bado na moyo wa kupatana. Nilitaka mambo mepesi tu: mnipe Gertrude Jekyll halisi, mnirudishie ada ya huduma ya kufunga, mje na mnara mzito mwingine muuchimbie kwa zege, na aje fundi anayeijua kazi. Siku 14 zingewatosha kabisa, na barua hii nilikuwa nimekusudia iishie hapo.

Lakini nikifika hapa naikumbuka ile kaunta.

Nilikuwa nimesimama kwenye foleni kama watu wengine. Zamu yangu ilipofika nikalifungua gazeti, nikaliweka tawi juu ya kaunta, nikasema, “Naomba mtu wa mawaridi anitazamie hili.” Meneja wenu wa zamu alikuwa anaandika kwenye simu. Akainua macho. Akayapeleka kwenye leso, akayapeleka kwenye gambuti, yakakaa huko. “Mama, umetumwa na nani?” Nikasema, “Sijatumwa. Bustani ni yangu na risiti hii hapa.” Risiti hakuipokea. Akasema, kwa sauti ya kusikiwa na duka zima, “Haya maua ni ya bei. Mwambie mdosi wako aje mwenyewe, usije ukakatwa mshahara bure.” Hilo la mshahara sikulitaja kule juu kwa sababu mkono ulikataa kuliandika. Halafu akalichukua tawi langu kwa vidole viwili akalitupa kwenye pipa la taka. Wale wawili wakacheka. Binti mmoja akaziba mdomo na kugeukia ukutani, na huyo namshukuru, angalau aliona haya. Aliyekuwa nyuma yangu, aliyeshika funguo za gari mkononi, akavutiwa kiti. Soja akanijia akaninong'oneza, “Twende tu, mama.” Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Lakini wenu karibu aniambie.

Nina maswali, Bwana Meneja. Kama kweli ningekuwa mfanyakazi wa nyumbani niliyetumwa na mwajiri, je, hivyo ndivyo anavyopokewa mfanyakazi kwenu? Wangapi wamekuja na ujumbe wa haki kabisa wakatupiwa tawi lao kwenye pipa, wakarudi nyumbani wakaonekana wazembe? Mimi nina mdomo na nina wakati. Wapo wasio navyo.

Kwa hiyo yale mambo mepesi niliyoyataja hapo juu nayaondoa. Sasa nataka nirudishiwe pesa zote: miche yote mitatu, minara, usafiri na ada ya kufunga. Nataka pia fidia ya Graham Thomas na Claire Austin, ambayo sasa itabidi niyapogoe hadi chini na kuanza kukuza fito upya kwa gharama yangu. Nataka barua ya kuniomba radhi, imeandikwa na kutiwa sahihi na yule meneja kwa mkono wake, na nakala yake ibandikwe ukutani pale pale penye masharti yenu ya kurudisha miche, wateja waisome wakiwa foleni. Na hizo siku 14 zimekuwa 7, tangu siku mtakapoipokea barua hii.

Msidhani natisha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na anachonunua, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Mche uliofungwa kibao cha jina lisilo lake si habari sahihi, hata ukiugeuza vipi. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Milimani si mbali na Lang'ata, na mstaafu hana haraka. Picha za mnara ninazo, waya uliokata ganda ninao kwenye bahasha, fomu yenye maandishi yangu juu ya sahihi ninayo. Ua lenu jekundu nimelikausha ndani ya kitabu, hakimu ataliona. Mkitaka shahidi, soja wenu aliona kila kitu, na naomba asiadhibiwe kwa kunishika mkono kwa heshima. Nikisikia ameadhibiwa, nalo nitaliandikia barua yake.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu wa Lang'ata
(jina na namba ya simu viko kwenye fomu ya huduma)

Baada ya sahihi: Nilikuwa sijafunga bahasha dereva wenu aliponipigia kusema atakuja kuuchukua mnara ulioinama, ila nimtumie kwanza pesa za mafuta. Sitamtumia hata senti. Tena mnara huo sasa ni kielelezo cha kesi, hauondoki hapa ulipo hadi pesa zangu zote ziwe zimeingia. Mkija na pikapu kabla ya hapo geti halifunguliwi, na gharama ya kuja kwenu na kurudi mtaibeba wenyewe.