Barua ya wazi kwa vijana mnaoanza kazi ya maendeleo ya jamii huku Kagera: fukara msimkopeshe

Marahaba wanangu. Nasikia mmeshapangiwa vituo, wengine Muleba, wengine Karagwe na Kyerwa, wengine mpaka Ngara kule mpakani, hongereni sana. Mimi kazi hiyo nimeistaafu, siku hizi nashinda kwenye kibanja changu na jioni naperuzi simu kama nyie tu, na hii naiandika hadharani makusudi ili wenyeviti wa vijiji na madiwani nao waisome, maana tukiambiana pembeni haifiki popote.

Nina jambo moja, mengine mtajifunza wenyewe. Mkifika kijijini wimbo mtakaoukuta ni mikopo, mwenyekiti anataka mikopo, diwani anataka mikopo, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, yaani 4 akina mama 4 vijana 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 basi kila mtu kaikodolea macho. Sikatai ni hela nzuri, imewainua watu. Ila yule wa chini kabisa haimhusu, na nyie ajira yenu hasa ni yule wa chini kabisa.

Ni nani huyo? Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulikuta Watanzania asilimia 26.4 hawamudu mahitaji ya msingi, na ndani ya hao kuna asilimia 8 ya Watanzania wote ambao hata chakula peke yake hawakimudu. Hawa hawafanani jamani. Wa kwanza anakaanga maandazi, ana hisa zake VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, umwongezee mtaji atasogea. Huyu wa pili hana hata ya kununulia hisa moja, kikundi kitamchukua wapi? Huku kwetu utamtambua kwa migomba, maana migomba bila samadi haizai na samadi bila ng'ombe hupati, na mwenye migomba myembamba anashinda kwenye mashamba ya wenzake akilima kibarua huku lake linaota majani, halafu ule ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulioingia mwaka 2006 ukapita ukawamalizia wengine hata hiyo kidogo waliyokuwa nayo.

Sasa tuje kwenye butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, nyie wa kutoka mikoa mingine hamjawahi kuiona. Mwezi wa kwanza, kahawa bado ya kijani mtini. Bibi analea wajukuu, mmoja kafaulu kaingia kidato cha kwanza, ada serikali ilishaifuta tangu 2016 lakini sare, viatu, madaftari, na kama ni bweni godoro, hivyo havijafutwa. Jioni jioni anakuja mtu na hela mkononi, anazunguka mibuni, anakadiria, hapa gunia, hapa nusu, anataja bei yake ya kutupa na bibi anapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Hamna karatasi, na serikali imeipiga marufuku kwahiyo wote wawili wanafanya siri. Msimu ukifika kahawa inaanuliwa na mwenye hela, na hata bei ikipanda mnadani inapanda kwa huyo huyo, bibi anabaki kusikia tu redioni.

Mtu wa namna hiyo umpelekee mkopo, marejesho atatoa kwa kuuza nini? Atauza mbuzi, atarudi butura, na akibanwa zaidi ataenda kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, na msiniambie Benki Kuu imeweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi, wale wa mtaani hawajui hata hiyo sheria imeandikwa wapi. Mnamdidimiza halafu kwenye ripoti mnaandika kaya imewezeshwa.

Anachohitaji ni kupewa, siyo kukopeshwa, hela ndogo inayokuja tarehe inayojulikana. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ipo tangu mwaka 2000 na ruzuku za kaya zimekuwa zikilipwa kila baada ya miezi miwili, watu wanazicheka wanaita hela ya chumvi, wacha wacheke. Hela hiyo hiyo ya chumvi ikiingia Januari kahawa ya bibi inabaki mtini mpaka iive. Ikiingia Aprili imeshaliwa. Kwahiyo kabla hamjapigania kiwango kiongezwe pigania tarehe, fomu zisilale mezani kwako, jina lililokosewa herufi lirekebishwe wiki hiyo hiyo, na wale wazee ambao vidole vimesuguliwa na jembe mpaka mashine haisomi alama msiwarudishe nyumbani mikono mitupu, ulizieni mapema utaratibu mwingine wa kuwalipa.

Mtaambiwa watailewea lubisi, pombe yetu ya ndizi. Ah, hilo nalo! Watafiti wa Benki ya Dunia walizipitia tafiti za nchi nyingi, wakatoa matokeo 2014, hawakuona kwamba watu wakipewa fedha ndo wanazidisha pombe. Wanaoilewea hela hapo kijijini mnawajua, na wengi wao siyo mafukara.

Halafu msitegemee kumpata kwenye mkutano wa kijiji. Siku ya mkutano yeye yuko kwenye kibarua, na akija anakaa nyuma hanyooshi mkono. Muulizeni mwenye kigenge nani kaacha kununua hata mafuta ya kupima, muulizeni nesi wa zahanati, muulizeni mwalimu mtoto gani haonekani msimu wa kulima.

La mwisho litawashtua kidogo. Huku kwetu kuna utafiti ulianza 1991 kwenye kaya zaidi ya 900, mwaka 2004 wakawatafuta watu wale wale popote walipo, hata Uganda. Wakalinganisha waliolelewa nyumba moja, waliohama na waliobaki, wakakuta ukuaji wa matumizi ya waliohama umewazidi wenzao kwa pointi 36 za asilimia. Kwahiyo ukikuta bibi kaitumia ruzuku kumpa mjukuu nauli ya kwenda Mwanza kujifunza kuchomelea vyuma usimwandike kwamba hela kaitumia vibaya, niliwahi kuona mtu kaandikwa hivyo na nilichukia sana.

Nyie anzeni na kaya zenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza. Majina yanajulikana kabla ya Januari uchaguzi wa kidato cha kwanza ukitangazwa, na wanunuzi wa butura nao huwa wanayasoma hayo majina, tena wanawatangulia kufika.