Risala ya Nyumba ya Kusikiliza ya Kadutu kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Afya ya Akili, 10 Oktoba

Mheshimiwa Mama, Mgeni wetu wa Heshima,
Wakubwa wa mtaa na wa avenyu,
Mapadri, wachungaji na mashehe,
Wauguzi wenzetu wa kituo cha afya,
Wamama wa likirimba, vikundi vyetu vya kuchangishana fedha, wazazi na vijana wote,

Kwa niaba ya kamati ya nyumba ya kusikiliza ya hapa Kadutu, Bukavu, mahali ambapo walioumizwa na vita na ubakaji wanasikilizwa na kusaidiwa, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua kazi zako ni nyingi, na tunajua mlima huu unavyoteleza mvua ikishanyesha. Umeacha gari chini ukapanda kwa miguu pamoja nasi. Wamama wameona, na wamefurahi sana.

Historia yetu ni fupi. Kikundi hiki kilianzishwa na wamama wa mtaa waliochoka kusikia wenzao wakiitwa wazimu. Bukavu imepita vita vya 1996, 1998, 2004 na Februari 2025, bila kutaja moto na maporomoko ya udongo yanayotukuta hapa Kadutu karibu kila mwaka. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ambaye dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ilituonyesha kwamba mwanamke aliyeumizwa anahitaji daktari, mtu wa kumsikiliza, mwanasheria, na njia ya kupata riziki, vyote pamoja. Sisi tumeishika njia hiyo na kuileta mpaka kwenye avenyu.

Mafanikio yetu, Mheshimiwa, ni makubwa. Wamama waliokuwa hawatoki kitandani leo wanauza sokoni. Vijana wa pikipiki wanatuletea wagonjwa usiku bila kudai nauli. Walimu wa shule za jirani hawampigi tena mtoto anayeduwaa darasani, wanamleta kwetu. Hata polisi siku hizi wanamkalisha mama kwanza na kumpa maji kabla ya kufungua daftari lao. Tunasema bila woga kwamba Kadutu imebadilika, na sifa zetu zimefika Kabare na Walungu.

Tuvumilie kidogo tueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo ombi letu litaonekana dogo.

Mtu mwenye kiwewe anajua kwa akili kwamba siku ile imepita, lakini mwili wake haujui. Mlango ukibamizwa, jasho linamtoka. Akisikia viatu vizito nje, anashika watoto. Kwa hiyo hatuanzi kwa kumwambia, "Haya, eleza yaliyokupata." Tunamuuliza kama amelala, kama amekula, kama watoto wameachwa na nani. Tunamwacha achague kiti, na karibu wote wanachagua kile kinachotazama mlango. Pumzi ikimkatika, tunamwomba akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, ashike kitenge chake, atutajie rangi anazoziona hapo. Asipotaka kusema, hasemi, na siku hiyo tunaihesabu kuwa ya kazi. Aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake haponi kwa kuamuliwa tena na sisi.

Na hatumwambii avumilie. Mjane aliyefukuzwa shambani na mashemeji anakosa usingizi kwa sababu shamba limekwenda, na mazoezi ya kupumua hayarudishi shamba. Tunampa bega, halafu tunamsindikiza kwa mwanasheria. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Blida, Algeria, aliacha kazi ya hospitali ya serikali ya kikoloni mwaka 1956, kwa kuwa aliona hawezi kutibu watu ambao utawala wenyewe unawavunja kila siku. Sisi hatuna pa kuhamia, tunabaki hapa hapa tukidai haki huku tukifunga vidonda.

Sheria za nchi yetu ya Kongo ziko upande wetu. Ile ya mwaka 2006 juu ya ubakaji inamtaka mwendesha mashtaka au hakimu aite daktari na mwanasaikolojia ili waangalie hali ya aliyeumizwa. Ile ya Desemba 2022 inazungumzia ulinzi na fidia kwa wahanga wa vita. Katika kesi ya mwaka 2017 ya ubakaji wa watoto wa Kavumu, maelezo ya watoto yalirekodiwa kwa video ili wasilazimike kusimama mbele ya waliowatendea. Iliwezekana hapa hapa Kivu Kusini. Lakini mama wa Kadutu bado anasimulia polisi, anasimulia kituoni, anasimulia mahakamani, na kila mara anarudi nyumbani ameumia upya.

Sasa, Mheshimiwa, tufike kwenye neno lililotukalisha usiku kuandika risala hii. Hatuna chumba.

Mahali tunaposikilizia watu ni kona ya veranda ya kituo cha afya, iliyokatwa kwa mbao. Kati ya ubao na ubao kuna nafasi ya kupitisha kidole. Upande wa pili ndipo watoto wanapopimwa uzito, na wamama wa avenyu nzima wanakaa pale kwenye benchi, migongo yao ikigusa mbao zetu. Mlango ni pazia. Mvua ikipiga mabati, msikilizaji na msikilizwa wanapaswa kupaza sauti, na mvua ikikatika ghafla sentensi inabaki hewani na kila mtu ameisikia. Juzi msichana alikuwa amefika katikati ya maneno yake, akasikia upande wa pili sauti ya wifi yake akiuliza zamu ni ya nani. Alinyamaza, akafunga kitenge, akatoka. Hajarudi, na sisi hatuwezi kwenda kumtafuta kwao, maana kufika kwetu mlangoni kungekuwa kumtangaza.

Tunafundisha watu kwamba usalama ndio mwanzo wa kupona, na tunawafundishia mahali pasipo na usalama. Jambo hili linatuuma kuliko njaa.

Watu wa kufanya kazi wapo. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wanawake waliobakwa walipata nafuu kubwa kwa tiba ya kikundi iliyoongozwa na wasaidizi wa kisaikolojia wa hapa hapa, watu wenye elimu ya sekondari kama sisi. Hatusubiri wataalamu kutoka ng'ambo.

Kwa heshima yote, Mheshimiwa, wageni waliokutangulia walisimama hapo uliposimama. Tuliwapikia samaki wa sambaza, tukawaimbia, walipiga picha na wamama. Mmoja wao alipima kiwanja kwa hatua zake na kuahidi kwamba kabla ya Pasaka ujenzi utaanza. Jiwe la msingi lililetwa, lina jina na tarehe, liko nyuma ya choo. Simenti haikuja. Barua zetu zilipokelewa na kugongwa muhuri, nakala tunazo. Wamama walipouliza, ni sisi wenye kushika daftari tuliokosa la kuwajibu, na wengine wakadhani fedha zilikuja tukazila. Hilo lilivunja imani ambayo tuliijenga kwa shida, na katika kazi yetu imani ndiyo dawa.

Tunaomba vyumba viwili vya matofali, vyenye dari, mlango wa kufuli, dirisha la juu, na njia ya kutokea isiyopita mbele ya benchi. Kiwanja kipo na karatasi zake zipo. Mawe na mchanga tutabeba wenyewe kwa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Tangu benki za mji zilipofunga Februari 2025 likirimba zetu zimelegea, kwa hiyo kinachotushinda ni simenti, mabati, mbao za dari na ujira wa fundi. Hatuombi gari. Hatuombi fulana wala semina ya hotelini. Motisha ya wasaidizi na cheti cha daktari bila malipo tumeviandika kwenye karatasi ya pembeni, tutakukabidhi.

Kabla ya chakula, tunakuomba utembee nasi mpaka kiwanjani. Ukishaona, utuambie mbele ya wamama hawa ofisi yako inaweza nini, hata ikiwa ni mabati peke yake, ni nani atakayefuatilia, na tumtafute kwa namba gani. Ikiwa haiwezekani, tuambie leo hii hii. Heshima yetu kwako haitapungua, na sisi tutajua kubisha hodi kwingine mapema, kabla ya mvua za Novemba. Katibu ataandika jibu lako, lolote litakalokuwa, na tutalibandika pale kituoni ili kila mtu alisome.

Asante kwa kutusikiliza.

Kamati ya Nyumba ya Kusikiliza,
Kadutu, Bukavu