Barua ya malalamiko: jiko la umeme limezima, na nilivyodhalilishwa kaunta kwenu

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja, habari za kazi. Naandika kwa adabu ila nawaambia ukweli nimekasirika mpaka mikono inatetemeka, hii ni mara ya tatu naanza kuandika nafuta.

Jiko langu la pleti nne na oveni, nililonunua kwenu 1,150,000 keshi, lilizima Jumamosi jioni maharage yakiwa juu yake. Sio pleti moja, jiko lote. Kale kataa kake kadogo hakawaki, saa ya oveni giza tupu. Kabla sijawapigia niliangalia kila kitu, mita ya umeme ya LUKU ina yuniti 43, taa za nyumba zinawaka, friji inanguruma, breka ya jiko ya ampea 32 iko juu na bado nikaishusha nikaipandisha tena, swichi ya jiko ukutani nayo kataa kake kanawaka. Kwahiyo umeme unafika ukutani, ndani ya jiko ndo haufiki. Yote hayo nilimweleza dada yenu wa kwenye simu, akanirudisha mwanzo mara tatu, mara mama umenunua umeme, mara mama seti saa ya oveni. Nikamwambia mwanangu saa yenyewe haiwaki nitaiseti vipi, na hata ingekuwa ni saa ingegoma oveni tu, pleti zingewaka. Akasema lileteni dukani.

Jumatatu nikakodi guta toka kwetu Katubuka, 15,000, nikalileta. Kijana wenu wa kaunta hakulikagua hata, aliangalia nyuma kwa mbali akasema "hili umelichezea, sili ya mfuniko imekatwa, waranti hakuna." Nikaanza kumweleza, akanigeuzia mgongo akamwambia mwenzake kwa sauti duka zima likasikia, "hawa wamezoea mkaa, ukiwapa jiko la umeme wanaunguza." Watu wakacheka. Mimi nimesimama pale na risiti mkononi.

Sasa hiyo sili ilikatwa na nani? Na fundi wenu! Siku ile ameletwa na gari yenu kuja kulifunga, maana kufunga mlisema kuko ndani ya bei, alikata sili mbele yangu ili afungue mfuniko wa nyuma aunganishe waya, mimi ndo nilimshikia tochi. Bila kufungua hapo waya zingeingilia wapi? Hata karatasi ya kazi alisaini na mnayo ofisini.

Niliporudi nalo nyumbani siku ileile nikaita fundi wa mtaani kwetu. Kwanza alizima breka kule kwenye boksi, ndo akafungua nyuma, akanionyesha kile kibloku cha plastiki ambapo waya zinafungwa kwa skrubu. Upande wa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, umeungua mweusi tii, plastiki imeyeyuka na harufu bado ipo. Akawasha akapima kwa mita, laini (waya wa kuleta umeme) na ethi (waya wa ardhini) inasoma volti 230, laini na nyutro upande wa jiko haisomi kitu. Ndo maana jiko lote limekufa kwa mpigo, elimenti zote, yaani vile vyuma vya kupasha moto, zinarudishia umeme kwenye nyutro hiyohiyo. Akasema skrubu haikukazwa, na jiko kama hili ukiwasha pleti zote na oveni linavuta karibu ampea 30, waya ukiwa unacheza pale unapata moto, unaungua kidogo kidogo mpaka unaachia. Elimenti zenyewe akapima zote nzima. Kwa maneno mengine jiko zima halina tatizo, tatizo ni mkono wa fundi wenu. Picha nimeziambatanisha, nne.

Na msiniambie habari ya umeme wa Kigoma, kama alivyosema yule wa simu nilipopiga tena Jumanne. Tumekaa miaka na majenereta ya dizeli, umeme unakatika tunajua, na sasa tuko gridi ya taifa. Umeme ungeunguza ungeanza na tv na friji, usingechagua skrubu moja nyuma ya jiko.

Nirudi pale kaunta, kwasababu hapo ndo sijalala. Sikuwa peke yangu. Mama mkwe wangu ana miaka 71 ana pumu, alitokea kliniki hospitali ya Maweni tukakutana dukani kwenu, na ni kwa ajili ya kifua chake tulinunua hilo jiko tuachane na moshi. Amesimama muda wote hakuna aliyempa kiti. Yule kijana aliposema "hawa wamezoea mkaa" alikuwa analisukuma jiko kwa mguu, kwa mguu Meneja, kulitoa njiani, na kati ya wateja waliokuwepo alikuwepo binti niliyemfundisha darasa la saba. Aliinamisha kichwa. Mimi mwalimu wa miaka 22 naonekana mbele ya mwanafunzi wangu sijui kuwasha jiko. Mama mkwe akanivuta mkono akasema "twende mwanangu, nitavumilia mkaa." Hilo neno ndo limeniuma kuliko hela. Nchi nzima tunaambiwa nishati safi ya kupikia, mkakati wa taifa umetoka 2024 kwamba ifike asilimia 80 mwaka 2034, halafu tunaoitikia tunachekwa dukani.

Nilianza barua hii nikitaka mnibadilishie kibloku na waya bure na mnirudishie hela ya guta. Lakini nikiandika nakumbuka, hapana. Sitaki fundi wenu aguse tena jiko nyumbani kwangu, kama skrubu moja ilimshinda kuna watoto humu ndani na ule moto ungeshika ukuta. Nataka jiko jipya, au 1,150,000 yangu yote, pamoja na guta kwenda na kurudi 30,000 na fundi wangu 20,000. Na yule kijana amwombe msamaha mama mkwe wangu, sio kwa simu, palepale kaunta.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nawapa 7 kuanzia mpokee barua hii, siku mtakayosaini dispachi. Zikiisha napeleka karatasi zote Tume ya Ushindani, Sheria ya Ushindani ya 2003 inanilinda mimi mnunuzi, na picha za ile nyutro iliyoungua nazituma kwenye magrupu yote ya walimu mkoa huu. Nakala ya karatasi ya kazi yenye saini ya fundi wenu ninayo, msiseme imepotea.

Jana usiku mama mkwe amekohoa mpaka saa tisa. Jiko la mkaa liko uani.

Mteja wenu,
Mwalimu, Katubuka, Kigoma