Dumuzi wanatembea juu ya dawa

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo niseme hili la dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi na mihogo mikavu ghalani.

Mie nauza makopa, yaani mihogo iliyomenywa ikakaushwa, hapa Arusha, nayatoa Kanda ya Ziwa naweka stoo mpaka wateja wa unga waje. Juzi nimefungua gunia nililolitia dawa ya unga ya kuua wadudu kwa mkono wangu mwenyewe, nikachukua kopa moja nikalibonyeza na dole gumba likasagika, ndani vumbi tupu, na dumuzi wenyewe, hawa tunaowaita Skania waliogunduliwa kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanatembea juu ya ule weupe wa dawa kama vile hamna kitu.

Aliyeniuzia kaniambia niongeze, kama kipimo ni kimoja tia viwili. Nikatia, na roho inaniuma mpaka leo, maana makopa hayamenywi tena wala hayaoshwi, yanaenda mashineni na dawa yake halafu mtoto anapikiwa uji.

Na kuongeza hakusaidii. Wale legelege wanakufa, wagumu wachache wanabaki wanazaliana wenyewe kwa wenyewe, na kwenye joto dumuzi mwezi mmoja tu kizazi kingine kishatoka, yaani unajifugia wadudu sugu stoo kwako. Lakini jamani si kila asiyekufa ni sugu. Sumu ya pirimifosi inaua vizuri fukusi wa mahindi ila kwa dumuzi ni dhaifu, sumu ya pemethrini ndo inamuweza, ndo maana kuna dawa zimechanganywa zote mbili. Sasa ukipimiwa dawa ya unga kwa kijiko kwenye kimfuko cha nailoni, hauna lebo hauna tarehe, utajuaje umetia nini?

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo hapa hapa Ngaramtoni. Ombi langu wapite masokoni wazipime hizo dawa za vijiko, wachukue na dumuzi wa stoo zetu wawajaribu, halafu tuambiwe kwa Kiswahili cha kawaida ipi bado inaua.

Mie saivi nimeacha dawa. Nimetoa mbao kuukuu zote stoo maana dumuzi anaishi hata kwenye mti mkavu, vumbi nimefagia nikachoma, makopa nayaanika tena mpaka yakivunjwa yalie ka!, ndo natia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, taratibu, kwa sababu ncha zake zinatoboa nailoni ya ndani na tundu moja tu linaharibu mfuko mzima.

Muuza makopa,
Arusha