Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majira ya Baridi Shuleni Kwetu

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi wawakilishi wa baraza la wanafunzi mliokaa pale nyuma,

Mwaka jana nilisimama mahali hapa nikaahidi kwamba hakuna mtoto atakayepigwa na baridi. Mkanipigia makofi. Leo nasimama kusema kwamba ahadi ile tuliitekeleza vibaya, na waliotusahihisha ni wanafunzi wenyewe.

Mtakumbuka kwamba mwezi Novemba kamati ilipitisha kwamba kipimajoto kikishuka chini ya sifuri, mapumziko yote yawe ndani. Hoja ile niliileta mimi, nisije nikajificha nyuma ya neno "kamati". Kwa wiki tatu watoto wakafungiwa madarasani tangu asubuhi hadi muda wa kwenda nyumbani, madirisha yamefungwa, hita zinavuma, hewa nzito kama ya ghala. Kugombania viti kukawa ni jambo la kila siku. Na mafua, ambayo ndiyo tuliyokuwa tunayakimbia, yakahama darasa hadi darasa. Muuguzi mmoja aliye mwanachama wetu alinieleza kwa upole, kwenye ngazi, kwamba mafua huletwa na virusi, na virusi hustawi watu wanapobanana kwenye chumba kisichopitisha hewa. Yaani tulikuwa tumewajengea nyumba.

Mwanzoni mwa Desemba nikaletewa barua. Karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa penseli, imefutwa na kuandikwa tena. Ilisema, kwa ufupi, kwamba wanafunzi hawaogopi baridi. Wanachoogopa ni soksi zilizoloa. Walitaka mambo mawili: mapumziko yarudi nje, na wapewe mahali pa kuanika glavu. Hawakuomba safari wala vifaa vya michezo.

Kesho yake nilikwenda kusimama mlangoni wakati wa kuingia. Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa anavua glavu kwa meno. Glavu ya pamba, imeloa theluji ya njiani, imeganda na kukakamaa kama ubao. Zipu ya koti nayo imeshikwa na barafu, haishuki wala haipandi. Mwalimu ana watoto wengine ishirini wa kuwafungulia zipu. Glavu ilipotoka akaiweka juu ya dawati, ikayeyuka taratibu, ikalowesha daftari la hesabu. Jioni aliivaa hivyo hivyo mbichi, akaondoka. Kamati nzima ilikuwa imejadili nyuzi joto kwa saa mbili, na hakuna aliyetaja glavu.

Kazi kubwa ya chama mwaka huu, basi, ni korido ya nyuma. Tuliondoa makabati ya zamani, mafundi wetu wa kujitolea wakapigilia rafu za mbao na kamba juu ya hita, na kila darasa likapewa kamba yake na vibanio vyake. Mabuti hukaa chini juu ya mikeka ya mpira, mdomo ukitazama chini. Mtoto akiingia anaanika. Akitoka anavaa kitu kikavu. Ukipita pale saa nne asubuhi utakuta harufu ya sufu iliyoloa ambayo sitaisifia. Lakini tangu korido ifunguliwe, mapumziko yamerudi nje.

Tumeweka kanuni mpya badala ya ile ya sifuri. Mwalimu wa zamu haangalii kipimajoto peke yake, anaangalia na upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri hewa ikiwa imetulia, mtoto aliyevaa vizuri anacheza bila shida. Nyuzi hizo hizo ukivuma upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku za namna hiyo wanatoka kwa zamu fupi na kurudi. Walimu nao wamefundishwa kutazama pua, masikio na ncha za vidole: ngozi ikianza kupauka na mtoto akisema hasikii kitu, aingizwe ndani mara moja, apashwe moto polepole kwa maji ya uvuguvugu, na asisuguliwe. Nawaomba wazee wenzangu mnisikie hapa, maana wengi wetu tulifundishwa kusugua, tena wengine kwa theluji. Kusugua kunachana ngozi iliyokwisha kuumia.

Kuhusu mavazi nitasema machache, kwa kuwa karatasi ya maelekezo mnayo. Pamba ikiloa hushika maji na kuacha kutunza joto. Sufu hata ikiwa na unyevunyevu bado inasaidia. Nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja zito, kwa kuwa kinachozuia baridi ni hewa inayokaa katikati ya nguo na nguo. Na kwa watoto wadogo, glavu za mfuko, zile zinazoweka vidole vinne pamoja, ni bora kuliko za kila kidole kivyake.

Stoo ya makoti ndiyo iliyoniumiza kichwa zaidi, na sina hakika kama tumeimaliza. Tuna familia zilizohamia karibuni kutoka nchi za joto, na tuna familia za siku nyingi ambazo mtoto anakua kuliko mfuko wa mzazi. Tulipotangaza kwamba wenye shida waje kuchukua makoti, hawakuja. Makoti yakakaa pale wiki mbili. Mwalimu mmoja akashauri tufute neno "shida", tufute na daftari la majina, tuiite stoo ya kubadilishana: ulicholeta unaacha, kinachokutosha unachukua, na walimu nao wachukue. Mimi mwenyewe nilitoka na koti la kijani ambalo mke wangu anasema linanifanya nionekane kama hema. Baada ya hapo rafu zilianza kutembea. Hata hivyo bado kuna watoto wawili watatu ninaowaona na sweta tu, na nadhani wazazi wao hawatasogea mpaka mmoja wetu awafuate nyumbani kwa maneno mazuri.

Sasa michezo.

Siku za dhoruba, wakati kutoka haiwezekani, mwalimu wa michezo aliwapa darasa la sita jambo ambalo limekuwa gumzo la muhula. Aliwaambia kwamba mpira wa kikapu ulizaliwa kwa shida kama yetu. Mwezi Desemba 1891, mjini Springfield, Massachusetts, mwalimu James Naismith alikuwa na darasa la vijana waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Akataka mchezo wa ukumbini usioumiza. Mtunza jengo akampatia vikapu viwili vya mafyulisi, vikapigiliwa kwenye roshani, na Naismith akaandika kanuni 13. Watoto wetu wakaucheza kwa kanuni hizo: wachezaji tisa kila upande, mpira wa miguu badala ya mpira tunaoujua, na hakuna kukimbia nao, unaudaka na kuurusha kutoka ulipousimamia. Mtunza jengo wetu naye alitoa vikapu viwili vya nguo chafu. Vina matako, kwa hiyo kila bao likiingia mtu anapanda ngazi kuutoa mpira, kama walivyofanya wao. Mchezo ukaisha bao moja kwa bila, na kelele zake nilizisikia kutoka maegesho ya magari. Msichana mmoja akaniuliza kama ni kwa sababu hiyo sisi tunauita mpira wa kikapu. Nimelitamka neno hilo miaka arobaini bila kujiuliza kikapu kiko wapi.

Skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, tulizopewa kwa msaada zilikuwa kuukuu, na watoto walianguka sana. Katikati ya Januari wengine wakakata tamaa, hasa waliokuwa wanaona theluji kwa mara ya kwanza na kuachwa nyuma na wenzao waliozaliwa nayo. Tukawasimulia habari za Philip Boit wa Kenya. Alikuwa mkimbiaji, akajifunza skii ukubwani, akashiriki mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Siku hiyo kulikuwa na mvua, theluji imekuwa tope, inanata kwenye skii zake. Alifika wa mwisho, dakika 20 baada ya bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway. Na Dæhlie alikuwa bado yuko pale kwenye mstari, sherehe ya medali imecheleweshwa, anamngoja amkumbatie. Boit akarudi tena Olimpiki za 2002 na 2006. Nilidhani watoto watapenda ile habari ya kukumbatiwa. La hasha, walichokipenda ni ile tope. Walitaka kujua ilinata vipi, na kama alianguka mara ngapi. Wiki iliyofuata kundi la wanaoanguka likajipa jina la Wanata, na sasa wanaoteleza vizuri wanaomba kuingia.

Darasa la lugha nalo lilipata zamu yake. Mwalimu aliandika ubaoni theluji, barafu, sakitu na kipupwe, akawaacha watafute. Wakarudi na habari kwamba theluji ina asili ya Kiarabu, na kwamba barafu imetoka kwenye neno la Kiajemi ambalo kwao maana yake ni theluji. Njiani likagandamana likawa kitu kigumu. Sakitu, ule weupe mwembamba wa alfajiri juu ya majani, wengi hawakuwahi kulisikia, ingawa huukwangua kwenye vioo vya magari ya wazazi wao kila asubuhi. Mmoja akaleta kisa cha tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro, na mwongozaji wake akauita "baridi" tu. Wataalamu wa Ulaya wakabisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Watoto waliona mwongozaji yule alijibu sawasawa. Mimi pia.

Safari ya ziwani, ambayo ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye mpango wa mwaka, haikufanyika, na najua baadhi yenu mna kinyongo. Asubuhi ile wazee wawili walitangulia na keke ya kutobolea barafu. Kinachoshauriwa ni walau sentimita 10 za barafu ngumu inayoangaza ili mtu mmoja atembee juu yake, na kwa kundi inahitajika nene zaidi. Kando ya ziwa tulipata kipimo kizuri. Hatua chache mbele kikashuka hadi saba, tena nusu yake ni barafu nyeupe, ile inayotokana na theluji iliyoloa na kuganda upya, ambayo nguvu yake ni kama nusu ya ile safi. Mabasi mawili ya watoto yalikuwa yameshafika, sleji za kutelezea zimeshashushwa. Tukawarudisha. Njia nzima hawakuimba. Mzazi mmoja aliniambia mbele ya watoto kwamba yeye alivuka ziwa lile wiki iliyopita na hakuona kitu. Sikumjibu pale, namjibu hapa: wewe ulikuwa mmoja.

Kosa letu lilikuwa kupima siku ya safari badala ya siku iliyotangulia. Mwaka ujao tutapima mapema, na kilima cha nyuma ya shule kitakuwa tayari kama mbadala.

Giza. Tarehe 21 Desemba, kwenye latitudo ya digrii 60 kaskazini, urefu wa mchana haufiki hata muda wa saa sita, na watoto wengi huja na kuondoka gizani. Misafara ya kutembea pamoja imeendelea vizuri chini ya wazazi wa zamu, isipokuwa njia ya mashariki ambako zamu za Ijumaa huwa hazina mtu. Kila mwanafunzi alipewa riflekta, kile kidude kinachong'aa kikimulikwa na taa za gari, ya kuning'iniza kwenye koti. Wadogo wanazivaa. Wakubwa wanazificha mfukoni wakishavuka kona. Baraza la wanafunzi limeahidi kulishughulikia wenyewe, na limeniomba nisihutubie juu ya jambo hilo, kwa hiyo naishia hapo.

Siku ambazo shule ilifungwa kwa dhoruba zilikuwa chache na walimu walizifidia. Mabomba yalipasuka mara moja.

Kuhusu baraza lenyewe: kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao wawakilishi wawili wa wanafunzi wakae kwenye kila kikao chetu kinachohusu ratiba na mapumziko, wakiwa na haki ya kusema, na kura yao ihesabiwe. Najua katiba yetu inasema mwanachama ni mtu mzima. Pendekezo la marekebisho liko ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu, na tutalipigia kura baada ya hesabu. Mimi naliunga mkono, na mkitaka kujua sababu someni ile barua. Nimeibandika mlangoni kama ilivyo, na makosa yake ya tahajia.

Nawashukuru walimu waliobaki hadi jioni kuanua kamba, mafundi, madereva, na mtunza jengo ambaye bado anadai vikapu vyake. Namuomba mweka hazina aje asome mapato na matumizi. Na aliyeacha mabuti meusi ya mtu mzima kwenye kamba ya darasa la kwanza tangu Februari, tafadhali ayachukue leo.