Daraja la Lamu: Tutajiwe Tozo Kabla ya Nguzo

Mhariri,

Habari za daraja la kutoka Mokowe kuja kisiwani Lamu zimesemwa hadi zimeota mvi. Wanaolitaka hutaja mgonjwa wa mji wa Hindi, huko bara, anayevushwa usiku kuja hospitali iliyoko kisiwani. Wanaolikataa hutaja Mji wa Kale, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001. Wote wana hoja. Langu ni moja: likiwa daraja la kulipia, atalipa nani, na kiasi gani?

Jirani zetu wameyaona haya. Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, lilifunguliwa mwaka wa 2016, na mkaazi akawa analipa kuingia na kutoka kwao. Walilalamika weee, tozo zikaja kupunguzwa mwaka wa 2022. Hapa kwetu Pwani, kwenye feri ya Likoni anayevuka kwa miguu halipi. Yalipayo ni magari. Daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991, halimtozi mtu. Basi Mwamu, yaani mtu wa Lamu, naye avuke bure kwa miguu, na punda wake. Lori la saruji ndilo lilipe.

Mtasema mbona boti tunalipia. Ndiyo, lakini nauli hiyo hupokewa na nahodha wa hapa hapa, na jioni imeshafika sokoni. Tozo ya daraja itakwenda kulipa mkopo. Na hao manahodha, mpango unawataja wapi?

Kinachonitia hofu zaidi, lakini, ni maji. Mji huu hunywa maji ya visima vya Shela, mvua inayochujwa na machuli, vile vilima vya mchanga. Daraja litaleta watu, watu watataka viwanja, na viwanja vizuri machoni mwa mwenye pesa ni vile vinavyotazama bahari, huko huko mchangani. Machuli yakijengwa hayachuji tena, kisima kikiingia chumvi tumekwisha. Sioni faida ya kufika Lamu kwa dakika chache ukakute watu wanauziwa maji kwa mitungi. Kwa hiyo machuli yalindwe kwanza, kwa sheria yenye meno, ndipo wahandisi walete ramani zao.

Magari nayo yaishie nje ya mji. Kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani punda wawili wenye mizigo hupishana kwa kuombana radhi.

Na wakati tukingoja, isiwe kila tukiomba boti ya wagonjwa ya usiku, au ngazi salama za kushukia maji yakipwa, tunaambiwa tusubiri daraja. Boti hainunuliwi kwa mkopo wa miaka thelathini.

Naomba wahusika waitishe baraza Matondoni na Kipungani pia, si mjini tu, na waje na bei za tozo zimeandikwa kwenye karatasi.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu