Mheshimiwa Waziri, pampu za insulini zisiishie Dar es Salaam

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Dodoma.

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi wa binti mwenye kisukari aina ya kwanza, tunaishi Mpanda, mkoani Katavi. Insulini yake naihifadhi kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji, maana umeme ukikatika friji ni kabati tu. Usiku namwamsha nimtoboe kidole. Sukari ikishuka amelala, huenda asijue, wala mimi sitajua.

Ndiyo maana tunaitamani pampu. Inaingiza insulini kidogo kidogo usiku na mchana kupitia kanula, kijimrija laini kinachokaa chini ya ngozi. Zile za kisasa, zikiunganishwa na kifaa cha kufuatilia sukari, husimamisha insulini zenyewe sukari inapoelekea kushuka. Mtoto mdogo anayehitaji chini ya yuniti moja, kwa sindano ya kawaida unabahatisha.

Ila siombi hafla ya kukata utepe na pampu chache za msaada. Pampu hutumia insulini ya muda mfupi pekee. Kanula ikijikunja, mwilini hakuna akiba, na ndani ya saa chache mgonjwa anaanza kutapika kwa ketoni, asidi zinazojaa kwenye damu insulini ikikosekana. Kanula yenyewe hubadilishwa kila siku mbili au tatu. Anayenipa pampu bila kanula, bila stripu za kupimia sukari, bila muuguzi wa kumpigia simu saa nane usiku, amenipa pambo la kabatini.

Kwa hiyo tuanzie chini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Kitita chake cha mafao kiwape wagonjwa wa aina ya kwanza stripu za kupima angalau mara nne kwa siku. (Insulini ilianza kutibu watu 1922, na bado tunaombea stripu!) Kisha kila hospitali ya rufaa ya mkoa, katika mikoa yote 26 ya Bara, iwe na wauguzi waliofundishwa pampu. Zanzibar wana wizara yao, siwasemei.

Wauguzi wakishakuwepo, andika vigezo vya nani apewe pampu: watoto wadogo, wajawazito wenye aina ya kwanza, wanaoshuka sukari bila kuona dalili. Vigezo vya Katavi viwe vilevile vya Kinondoni, vibandikwe kwenye kila kliniki ya kisukari. Na MSD, Bohari ya Dawa ya serikali, iwe na kanula ghalani kabla pampu ya kwanza haijafungwa kwa mtu.

Mzazi, Mpanda